Kipandauso: kabla ya mafuta, nipe daftari

Mwaka jana alinijia mama mmoja anayeuza viazi Mwanjelwa, kashika mfuko uliojaa maganda ya vidonge vya maumivu. Kichwa kilimpwita upande wa kulia, jua lilimchoma macho, harufu ya kitunguu kikikaangwa ilimtapisha. "Dokta, nasikia una mafuta ya Kihindi. Nipatie hayo tu, nikafanye kazi."

Mafuta ninayo. Nilisomea Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, huko India na ndiyo kazi yangu hapa Mbeya. Siku ile nilimpa daftari la shule na kalamu. Kila jioni aandike ameamka saa ngapi, amekula saa ngapi, kichwa kimeuma au la, amemeza vidonge vingapi.

Hospitalini kipandauso huitwa sugu pale kichwa kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo maumivu yawe ya kipandauso chenyewe. Ayurveda inao ugonjwa unaofanana nao sana, ardhavabhedaka. "Ardha" ni nusu, maana maumivu hukamata nusu ya kichwa. Vitabu vya kale vinataja visababishi: vyakula vikavu, kula juu ya mlo ambao haujasagika, kuzuia haja, kuchoka kupita kiasi, umande, upepo wa mashariki. Mtu wa nyanda za juu akisikia umande na upepo, hahitaji maelezo marefu. Tunasema mambo haya huvuruga vata, nguvu inayoendesha mwendo wote mwilini. Simlazimishi mgonjwa aiamini vata. Ninachotaka aone ni kwamba ubongo wa mwenye kipandauso hauvumilii siku inayobadilikabadilika.

Daftari lilionyesha hivyo hivyo. Jumatatu hadi Jumamosi aliamka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo, akanywa chai ya rangi, akala saa nane mchana. Jumapili alilala mpaka saa mbili, akaenda kanisani bila hata chai. Karibu kila Jumapili kichwa kilimpanda kabla ya ibada kwisha.

Na vidonge: siku 22 katika mwezi mmoja. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Parasetamoli ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vilivyochanganywa na kafeini siku 10, dawa yenyewe inaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Mtaalamu wa tiba mbadala anayeongeza mafuta juu ya hali hiyo bila kuuliza habari za vidonge anamwacha mgonjwa palepale.

Tulimpeleka kwa daktari wa hospitali, akaanzishiwa dawa ya kuzuia kipandauso na kupunguziwa vidonge vya maumivu. Nilimwonya kuwa siku za mwanzo maumivu yangezidi, na yalizidi kweli. Upande wangu ulikuwa ratiba, ile tunayoiita dinacharya: uji wa ulezi kwenye chupa ya chai kabla ya kwenda sokoni, Jumapili kuamka mapema na kula kwanza. Usiku, mafuta ya ufuta ya vuguvugu utosini na kwenye nyayo. Kichefuchefu kikianza, tangawizi ya unga kwenye maji moto.

Shirodhara, ule mchirizi wa mafuta kwenye paji la uso, naufanya pia. Wagonjwa wengi husinzia na kuamka wepesi, lakini tafiti zake ni ndogo, kwa hiyo siuzi kama tiba ya kuponya. Mafuta ya puani usijifanyie nyumbani. Yakiingia mapafuni yanadhuru. Na vidonge vya Ayurveda visivyojulikana vilikotoka viache kabisa. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima bidhaa 70 za madukani, 14 zikakutwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki.

Kichwa kikipasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au kikaja na homa na shingo ngumu, au upande mmoja wa mwili ukafa ganzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Daftari lisubiri.

Baridi ya Juni na Julai ina jambo lake. Mgonjwa wangu wa Makambako aliumwa kichwa kila asubuhi, na watoto wake vilevile. Nikamuuliza wanalalaje. Jiko la mkaa lilikuwa ndani, dirisha limezibwa kwa blanketi. Mkaa ukiwaka ndani hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, nayo huua watu usingizini. Jiko lilipotolewa nje, vichwa vyote vikatulia ndani ya wiki moja.