Homa Baada ya Safari ya Msituni: Maswali Ninayoulizwa Kila Msimu

Kuanzia Juni mvua zikikatika, vikundi huanza kwenda Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Kuna wafanyakazi wa ofisi moja, vijana wa chuo, wanakwaya, na watu waliofahamiana kwenye kundi la WhatsApp la matembezi. Wanafika Mikumi, wanaacha barabara kuu, wanapita Kidatu na mashamba ya miwa mpaka Mang'ula, kisha wanaingia msituni kwa siku tatu au tano. Wanarudi na furaha na picha nyingi. Siku kumi au kumi na mbili baadaye nawaona mbele yangu wakitetemeka.

Mimi ni afisa tabibu. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye zahanati ndani ya Bonde la Kilombero, na sasa niko kituo cha afya Dar es Salaam. Kule nilikuwa naona homa za wenyeji. Huku naona homa za wasafiri, na wasafiri ndio wanaochelewa zaidi. Maswali haya ni yao.

Nimerudi wiki iliyopita, leo mwili unauma na nina homa. Si uchovu wa safari tu?

Hapana. Uchovu wa safari hauleti homa.

Najua safari yenyewe ni ngumu. Njia ya Mwanihana ni kilomita 38 kwa siku tatu, na ile ya Lumemo ni kilomita 65 kwa siku tano. Ndani ya hifadhi hakuna barabara, kwa hiyo kila kitu kinabebwa mgongoni, na mnafuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya tembo na nyati. Mnaanzia bondeni kwenye joto, mnapanda juu ya mizizi na utelezi mpaka zaidi ya mita 2,000. Lazima mapaja na magoti yaume.

Lakini maumivu ya misuli yana tabia yake. Yanakuwa makali siku ya pili au ya tatu, halafu kila ukiamka yamepungua, na baada ya wiki huyasikii tena. Hayakutetemeshi ukiwa chini ya blanketi saa nane mchana. Wala hayaanzi upya siku ya kumi ukiwa umeshasahau safari. Kitu kinachoanza siku ya kumi kimekuwa kikikua ndani yako tangu ulipokuwa kule.

Homa baada ya msitu ni malaria mpaka kipimo kikatae. Nitalirudia jambo hili mara nyingi. Naomba univumilie, maana wagonjwa wangu wengi walikuwa wameambiwa mara moja tu.

Malaria ni nini, kwa kifupi?

Ni vimelea vinavyoingizwa kwenye damu na mbu jike wa aina ya anofelesi, anayeuma zaidi usiku. Vimelea hivyo hujificha kwanza kwenye ini na kuzaliana kimya, halafu hutoka na kuanza kuharibu chembe nyekundu za damu. Kwa sababu ya kule kujificha, kwa kawaida dalili huanza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, na zinaweza kuchelewa hata wiki kadhaa. Wakati huo umeshafua nguo za safari na kurudi kazini.

Mbona kule juu kulikuwa na baridi, na hatukuona mbu?

Swali zuri, na jibu lake ndilo linalowakamata wengi. Usiku wa hatari mara nyingi ni ule wa kabla ya kupanda na ule wa baada ya kushuka. Mmefika Mang'ula jioni, mmekaa nje ya nyumba ya wageni mnakula wali na kuku, mmevaa kaptura na kandambili, stori zinanoga mpaka saa tano. Pale ni bondeni, kuna mashamba ya mpunga na maji yaliyotuama, na malaria ya Kilombero inajulikana tangu zamani. Mkishuka siku ya mwisho mnarudia vilevile, tena safari hii mmechoka na hakuna anayekumbuka kushusha chandarua.

Kwa hiyo usiniambie "mimi sikuumwa". Kuumwa na mbu mmoja tu kunatosha, na huenda ulikuwa umelala.

Nimeze Panadol kwanza nione?

Nakuomba usifanye hivyo halafu ukatulia. Panadol inashusha joto tu. Vimelea haivigusi. Unapata nafuu ya saa nne au tano, unasema "naona inaisha", kumbe vimelea vinaongezeka. Ukitaka kuimeza ili upunguze kichwa wakati unaelekea kupima, imeze. Ukiimeza badala ya kupima, umejidanganya.

Hizi diklofenaki za dukani, dawa za maumivu, ndizo zinanitia hofu zaidi. Mtu ana homa, hali chakula, hanywi maji, anatapika, halafu anameza diklofenaki mara tatu kwa siku. Hapo figo zake zinaumia kwa ajili ya dawa ambayo hata ugonjwa haiutibu.

Msimu mmoja aliletwa kijana kama miaka 26 hivi, mwenye afya nzuri, mcheza mpira. Alikuwa bado amevaa fulana ya safari yenye majina ya wenzake wote mgongoni. Homa ilikuwa na siku tano. Siku ya kwanza alimeza Panadol, siku ya pili diklofenaki na kinywaji cha kuongeza nguvu, siku ya tatu akaongeza antibayotiki ya dukani. Wenzake kwenye kundi walimwambia apumzike, kwamba ni milima inatoka mwilini. Macho yalikuwa ya manjano, na mkojo wake kwenye kikopo ulikuwa na rangi ya Coca-Cola. Tulimtoboa kidole, tukaweka tone la damu kwenye kipimo, na kabla dakika 15 hazijaisha mstari wa pili ulikuwa umeshatokea. Dakika 15. Angeweza kuzitumia siku ya kwanza. Tulimpa sindano ya kwanza ya artesuneti, dawa ya malaria kali, na kumpeleka hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa. Alipona, lakini alikaa huko wiki mbili, na sitaki kuona mwingine akipitia hayo kwa sababu ya neno "uchovu".

Nilikuwa na dawa ya mseto ya malaria kwenye begi, nikameza vidonge vichache. Bado nipime?

Ndiyo, pima. Na tafadhali sana, acheni kugawana mseto. Nimeona dozi moja imeliwa na watu watatu hema moja, kila mmoja "kwa tahadhari". Mseto wa ALu (artemether na lumefantrine) ni dawa ya kutibu. Mtu mzima anameza vidonge 4 kila mara, mara 6 katika siku 3, jumla vidonge 24. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata ni asubuhi na jioni kwa siku mbili, na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili zifanye kazi. Vidonge vinane alivyokula mwenzako na vinane ulivyokula wewe havijamtibu yeyote. Vimepunguza makali tu, na ugonjwa unarudi baadaye ukiwa umeshaacha kuushuku.

Dukani wameniambia ni typhoid na UTI.

Nimechoka na jibu hili. Kipimo cha damu cha typhoid kinachofanywa kila kona kinatoa majibu ya kupotosha mara nyingi sana. Sisemi typhoid haipo. Nasema wewe umetoka Bonde la Kilombero siku kumi na moja zilizopita, una homa, na hakuna aliyepima malaria. Anza na malaria. Homa baada ya msitu ni malaria mpaka kipimo kikatae, na muuza duka hawezi kukikatalia kwa kukutazama usoni.

Jambo moja linasaidia kuliko yote: mwambie mhudumu ulikotoka. Watu wanaeleza homa, kichwa, viungo, halafu safari wanaimeza. Mhudumu wa Masaki au Arusha mjini hawezi kuota kwamba ulilala Mang'ula.

Mimi nilikulia Ifakara. Mwili wangu umezoea.

Ulizoea ukiwa unaishi kule. Kinga ile inajengwa kwa kuumwa mara kwa mara, na inapungua mtu akikaa miaka mjini. Nimewatibu wengi waliozaliwa bondeni, wakahamia Dar, wakaenda kuwaonyesha wenzao nyumbani, wakarudi wamezidiwa. Anayetoka Moshi, Njombe au Nairobi yuko kwenye hatari zaidi. Mjamzito namwomba safari hii aiache kabisa.

Homa ikinishika tukiwa bado njiani?

Sema. Sema siku hiyohiyo, kwa kiongozi wa kundi na kwa askari wa hifadhi. Watu wanaficha kwa sababu hawataki kuwachelewesha wenzao, au kwa sababu wamelipia. Wapagazi wanaficha kwa sababu nyingine: akisema anaumwa, anapoteza ujira wa siku zilizobaki. Kiongozi wa kundi, hilo ni jukumu lako. Mhakikishie mpagazi mapema, kabla hamjaanza kupanda, kwamba akiugua atalipwa, na uwe unamaanisha. Mtu anayetetemeka na mzigo wa kilo ishirini kwenye utelezi hafichi ugonjwa kwa kupenda.

Mgonjwa anashuka, na hashuki peke yake. Homa ikianza siku ya pili ya safari huenda mtu alitoka nayo nyumbani. Bado anashuka, na bado anapimwa.

Nijikinge vipi safari ijayo?

Onana na mhudumu wiki mbili au tatu kabla, akupangie dawa ya kuzuia inayokufaa. Doksisaiklini, kwa mfano, inamezwa kila siku, inaanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea wiki 4 baada ya kurudi. Hizo wiki 4 ndizo watu wanaziacha, wanasema safari imeisha. Kwenye ini haijaisha. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi dawa hiyo.

Jioni vaa mikono mirefu, suruali na soksi, jipake dawa ya kufukuza mbu, lala kwenye chandarua chenye dawa, pale Mang'ula pia. Dawa ya kumeza haikupi ruhusa ya kuacha chandarua, na ukipata homa hata kama ulimeza yote, pima.

Na maji, malengelenge, nyoka?

Maji ya kijito yachemshe au yatie dawa, hata kama yanang'aa. Malengelenge usiyapasue, yafunike. Viatu vipya visianzie kazi huko. Nyoka akikuuma, usifunge kamba, usichanje, usinyonye, na lile jiwe jeusi linalosemwa linanyonya sumu liacheni. Mguu utulie, mgonjwa abebwe, apelekwe hospitali. Kwa kweli, katika miaka yangu yote nimeona waliotoka msitu ule na malaria wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na wote walikuwa wanaogopa nyoka.

Dalili gani zinamaanisha nikimbie?

Kutapika kila unachoweka tumboni, kuongea maneno yasiyoeleweka, degedege, usingizi usioamshika, macho ya manjano, mkojo mweusi, kupumua kwa shida, kushindwa kukaa au kusimama bila kushikwa. Ukifika hapo umeshachelewa, na ni hospitali moja kwa moja. Lakini usikae nyumbani ukizisubiri kama ndiyo alama ya kuondoka. Alama ya kuondoka ni homa. Malaria hii inaweza kubadilika kutoka homa ya kawaida hadi kuua ndani ya saa 24.

Nimepima, kipimo kimekataa. Nirudi nyumbani nilale?

Kama homa imekwisha, sawa. Kama ipo bado, rudi kesho upime tena. Siku ya kwanza vimelea vinaweza kuwa vichache, kipimo kisivione. Kipimo kimoja kilichokataa si kibali cha wiki nzima.

Sasa hivi ni saa nne usiku na homa imeanza leo. Nisubiri asubuhi?

Usisubiri. Mwamshe mtu wa kwenda naye, usiendeshe gari mwenyewe. Nenda kituo kinachofanya kazi usiku, na ukifika mapokezi, kabla hujaanza kueleza kichwa na viungo, sema: "Nilikuwa Udzungwa, nimerudi tarehe fulani, nataka kupimwa malaria." Kisha watumie ujumbe wenzako wote wa safari, usiku huohuo. Mlikaa nje pamoja.