Mpiga smashi hodari bado si kocha

Kila mwaka wa masomo unapokwisha hapa Lubumbashi naletewa ombi lilelile, na mwaka huu limekuja kama uamuzi uliokwisha kupitishwa. Kijana aliyekuwa akivunja bloku za watu (mikono inayozuia kwenye neti) kwa smashi, yaani pigo kali la kushusha mpira, amemaliza masomo, kwa hiyo apewe timu ya voliboli ya wasichana ya chuo. "Mama kocha, huyu alikuwa nambari moja wetu." Nimechoka kujibu kando ya uwanja, mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika.

Kucheza kunasaidia, sibishani na hilo. Asiyewahi kupokea servisi inayoelea, mpira usiozunguka unaoyumba hewani, kwenye baridi ya Juni hataelewa kwa nini libero, mchezaji wa nyuma wa kupokea, amechelewa nusu hatua. Ninachokataa ni kumtoa mtu uwanjani na kumketisha kwenye kiti cha kocha mkuu kana kwamba katikati hakuna kazi ya kujifunza.

Muulize mpigaji mzuri anaangalia nini anapokimbilia neti. Atakujibu: mpira. Si kweli. Ameshaangalia mabega ya pasere, yule anayemwandalia mpira, ameona sentro (mchezaji wa kati) wa upande wa pili kaegemea wapi, na mguu wake umeshapunguza hatua kabla hajafikiri. Mwili wake unajua mambo ambayo mdomo wake hauwezi kuyafundisha. Ndiyo maana siku ya kwanza ya mazoezi anamfokea binti wa mwaka wa kwanza, "Ruka! Piga!" Binti anaruka tangu asubuhi. Shida yake ni kwamba anaanza kukimbia kabla pasere hajaugusa mpira, akifika chini ya pasi hana tena nafasi ya mkono. Hilo huoni ukifuata mpira kwa macho, na mchezaji maisha yake yote amefundishwa kuufuata mpira. Kocha lazima ajifunze kuuacha uende, abaki na miguu ya watu. Inachukua misimu, tena ukiwa umekaa kwenye benchi na daftari, huna ruhusa ya kupiga kelele.

Halafu kuna mizunguko sita, yaani mipangilio sita ambayo timu inapitia wachezaji wakihama nafasi kwa zamu, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Seti ikipotea 25 kwa 19, watu wanatoka wakisema wasichana wamekosa moyo. Moyo gani? Fungua daftari. Mara nyingi utakuta kundi kubwa la pointi limekwenda kwenye mzunguko mmoja tu, na kwa timu nyingi ni ule ambao pasere yuko nafasi ya 1, nyuma kulia. Hapo mpigaji wetu wa kulia yuko nafasi ya 4, mbele kushoto, wa kushoto yuko nafasi ya 2, mbele kulia, na kwa kuwa tunapokea servisi hawaruhusiwi kubadilishana kabla mpira haujapigwa. Mmoja anashambulia upande usio wake, mwingine pia, pasere anatoka nyuma mbio, na mapokezi yakiwa mabaya hata mita moja, mpira wa pili unakuwa wa kubahatisha. Zamani timu inayopiga servisi ndiyo pekee iliyoweza kupata pointi. Tangu mwisho wa miaka ya 1990, kila mpira ukianguka ni pointi, na mzunguko mmoja mbovu unatosha kukunyang'anya seti. Mkononi una mapumziko mawili ya sekunde 30 na mabadiliko sita ya wachezaji. Ukitumia sekunde hizo kusema "jikazeni", umezitupa.

Dawa zipo: libero achukue eneo kubwa zaidi, anayepokea vibaya afichwe nyuma ya mwenzake bila kuvunja mpangilio, au seti inayofuata ianzie mzunguko mwingine ili mzunguko huo mbovu usikutane na mpiga servisi wao mkali. Hili la mwisho ni karatasi unayomkabidhi refa kabla ya seti kuanza, na kuna timu zinazoiandika vilevile mwaka mzima.

Wanaonipinga hunitajia Karch Kiraly, nyota wa Marekani aliyegeuka kocha. Sawa, tumtaje vizuri. Alichukua dhahabu ya Olimpiki 1984 na 1988, kisha ya mchangani 1996, na wanawake wa Marekani walipopata dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo kocha alikuwa yeye. Kinachoachwa ni kwamba kabla ya kupewa timu hiyo alikaa miaka kadhaa msaidizi wa Hugh McCutcheon, kocha mkuu aliyemtangulia, akiwa tayari mmoja wa wachezaji wakubwa wa historia. Upande wa pili yuko Julio Velasco wa Argentina, aliyesomea falsafa La Plata na hakuwahi kuwa nyota wa kucheza. Akawapa wanaume wa Italia ubingwa wa dunia 1990 na 1994, na mwaka 2024 akawapa wanawake wa Italia dhahabu ya Olimpiki mjini Paris.

Kwa vyuo, mfano wangu ni Katie Schumacher-Cawley. Alikuwa kwenye timu ya Penn State, chuo kikuu cha Marekani, iliyochukua ubingwa 1999, akawa kocha mkuu kwingine, kisha akakubali kurudi Penn State kama msaidizi chini ya Russ Rose, kocha mkuu wa siku nyingi mwenye mataji saba. Alipewa timu 2022. Desemba 2024 akawa kocha mkuu wa kwanza mwanamke kushinda ubingwa wa daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, kwa wanawake, mashindano yaliyoanza 1981. Na msidhani ngazi ile ni ya mishahara tu: hadi 2023 NCAA ilikuwa na nafasi rasmi ya kocha wa kujitolea, na wengi walipita hapo.

Sisi hatuna ngazi iliyojengwa, tunapanda kwa kushikilia tunachopata. Unamwandikia kocha takwimu, unapuliza kipenga mechi za vitivo, unachukua timu ya sekondari isiyo na mtu, unatafuta kozi ya shirikisho, halafu kozi ya ngazi ya kwanza ya FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, ikipatikana. Riziki inatoka kwenye ualimu. Kuhusu vyeti, nina shaka. Kozi zinadhani una ukumbi na mipira tele. Sisi tuna vumbi jekundu na mipira ya kuhesabu. Zimenipa msamiati na mpangilio wa msimu, lakini jicho sijui kama lilitoka huko.

Nina shaka nyingine kubwa zaidi. Mwaka tulioshinda nilikuwa na wasichana warefu wawili katikati. Sehemu yangu ilikuwa ipi? Sina kipimo, na sijamwona kocha mwenye nacho. Tena nakiri kwamba nyota wa jana anaheshimiwa tangu siku ya kwanza, wakati asiye na jina anapimwa na wachezaji mwezi mzima. Ni faida ya kweli.

Lakini kuna mtu mnayemruka kila mara mkitaja majina. Pasere wetu wa zamani, binti, amekaa pembeni yangu na daftari tangu alipoacha kucheza. Kila mapokezi anayapa alama, sifuri hadi tatu, mzunguko kwa mzunguko. Kabla sijauliza, ananiambia nani ameanza kuchoka magoti. Hakupiga smashi za kusimuliwa katika mitaa yetu ya Kenya wala Katuba, na hakuna aliyekuja kwangu kumwombea timu. Nimempeleka mimi. Barua iko kwa mkuu wa michezo, nimeomba aanze na timu ya pili muhula ujao, na alipwe nauli.