Kwa nini dola 600? Mafao ya kukosa ajira na kompyuta kuukuu

Katika juma la mwisho la Machi 2020, janga la korona likiwa limefunga biashara, Wamarekani zaidi ya milioni 6 waliomba mafao ya kukosa ajira. Rekodi ya kabla ya hapo, ya Oktoba 1982, ilikuwa maombi 695,000 kwa juma. Kwa sisi tunaofuatilia hifadhi ya jamii, kipindi kile kina mengi ya kufundisha, na mimi huanza na dola 600.

Sheria ya CARES, sheria ya Marekani ya msaada wa dharura wakati wa korona, iliyosainiwa tarehe 27 Machi, iliongeza dola 600 kwa juma juu ya fao la kila jimbo. Ikarefusha muda wa kulipwa kwa majuma 13, ikawaingiza na waliojiajiri na madereva wa teksi za mtandaoni, ambao kwa kawaida hawakuwa na haki yoyote.

Lawama hazikukawia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walikadiria kwamba takriban robo tatu ya waliostahili wangepata zaidi ya mshahara wao wa zamani, na wapinzani wakasema serikali inalea uvivu. Lakini kiwango kile kilitoka wapi? Lengo lilikuwa kumfidia kila mtu mshahara wake. Tatizo, kompyuta za majimbo mengi hazikuweza kufanya hesabu ya mtu mmoja mmoja. Baadhi zilitumia COBOL, lugha ya programu ya mwaka 1959. Gavana wa New Jersey alilazimika kuomba hadharani wajitolee wanaoijua. Basi wabunge wakachukua wastani wa mshahara, wakatoa wastani wa fao, pengo likakaribia dola 600, kila mtu akapewa hizo hizo. Mpishi wa mgahawa akapata ziada, mhandisi akapungukiwa. Naona ulikuwa uamuzi sahihi. Kungoja hesabu kamili kungewaacha watu na njaa.

Udhaifu wa mifumo hiyo kuukuu nao uliwafungulia wezi mlango. Wakaguzi wa serikali kuu walikadiria wizi wa dola bilioni 100 hadi 135, huku waombaji wa kweli wakisubiri malipo kwa majuma.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Dola 600 zilikoma mwisho wa Julai 2020, ukosefu wa ajira ukiwa bado juu ya asilimia 10. Wabunge walivutana hadi Desemba ndipo wakakubaliana dola 300. Ingefaa nyongeza ya dharura ifungamanishwe na kiwango cha ukosefu wa ajira: kikipanda inaanza, kikishuka inapungua, bila kungoja kura.

Halafu kuna mfuko wenyewe. Kodi ya serikali kuu inayochangia mfumo huu hutozwa kwenye dola 7,000 za kwanza za mshahara wa mwaka, kiwango kisichobadilika tangu 1983, na majimbo kadhaa hayatozi zaidi ya hapo. Kwa makusanyo madogo hivyo, si ajabu kwamba Florida mwaka 2020 ililipa dola 275 kwa juma, tena huo ndio ukomo.

Mipango ya dharura ilifungwa Septemba 2021. Dereva wa teksi ya mtandaoni, wakiwamo ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki walioko huko, akarudi alikokuwa: akikosa kazi kesho, kwa sehemu kubwa ya nchi hana fao.