Mombasa Waingereza Walilipa Kodi ya Pango. Kisumu Je?

Reli ya Uganda ilianzia majini na kuishia majini: bandari ya Kilindini, Mombasa, upande wa bahari, Ghuba ya Winam, Kisumu, upande wa Ziwa Victoria. Ili kupata ardhi ya Kilindini, Uingereza ilikaa kwenye tume, ikabishana na Ujerumani, ikatia sahihi mikataba na masultani kadhaa wa Zanzibar, kisha ikalipa kodi ya pango kila mwaka mpaka 1963. Huku kwetu Kisumu, ambako reli hiyohiyo ilifika tarehe 20 Desemba 1901, hakuna aliyeandikiwa mkataba wa kodi. Nafundisha historia ya mipaka ya Afrika Mashariki na ni mkazi wa Kisumu, kwa hiyo swali la tofauti hii naulizwa darasani na naulizwa mtaani. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba pwani kulikuwa na dola na huku hakukuwa na dola. Mimi silikubali jibu hilo, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na pwani, maana huko ndiko karata zilikochezwa. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa ziliahidiana kwa maandishi kuheshimu uhuru wa Sultani wa Zanzibar. Sultani hakuwa na nguvu ya kuzitisha, lakini kila moja iliogopa kwamba nyingine ingemmeza. Mwaka 1885 Ujerumani ikaingia kwa kishindo: Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni, alikuwa amekusanya mikataba bara, na Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri la Sultani Barghash hadi akakubali madai yao. Swali lililofuata likawa hili: je, Sultani anamiliki nini hasa kule bara?

Hapo ndipo ilipoundwa tume ya mipaka ya 1885 na 1886, Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwakilishi wa Uingereza alikuwa Kitchener, ambaye baadaye angekuwa jemadari mkubwa. Tume ikapita bandari kwa bandari ikiuliza nani analipa ushuru kwa nani, bendera ya nani inapepea, askari wa nani wako ngomeni. Mjerumani alitaka mamlaka ya Sultani yahesabiwe kwenye miji yenye vituo vyake tu. Mwingereza alitaka yaingie bara zaidi. Wakakata shauri la katikati, na makubaliano ya tarehe 1 Novemba 1886 yakampa Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini, kusini hadi Ghuba ya Tunghi na kaskazini hadi Kipini, pamoja na miji kadhaa ya pwani ya Somalia. Zile maili 10 ambazo watu wa Mwambao wamezitaja kizazi baada ya kizazi zilipatikana kwa suluhu ya wageni waliochoka kubishana. Sultani aliletewa karatasi akaikubali kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Makubaliano hayohayo ya 1886 ndiyo yaliyoamua hatima ya Kisumu. Mstari wa kutenga upande wa Wajerumani na upande wa Waingereza ulichorwa kutoka mdomo wa Mto Umba, ukapita Ziwa Jipe, ukaizunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaenda moja kwa moja hadi pale latitudo ya digrii 1 kusini inapokutana na ufuo wa mashariki wa ziwa. Ni pale chini kidogo ya Muhuru, Migori. Ghuba ya Winam ikaangukia upande wa Waingereza miaka 15 kabla ya kichwa cha treni kuonekana Nyando. Wajaluo wa Kano, Kajulu na Kisumo hawakujua kwamba ufuo wao umeshagawanywa.

Ng'ambo ya ziwa kulikuwa bado hakujapangwa, na nafasi hiyo nusura iwaponyoke Waingereza. Mapema 1890 Peters alifika Mumias, wakati huo ikiitwa Kwa Sundu, akazikuta barua zilizokuwa zikimsubiri Frederick Jackson wa kampuni ya Waingereza. Akazifungua, akazisoma, akajua Kabaka Mwanga anaomba msaada, akakimbilia Buganda na kupata mkataba wake. Mkataba huo haukudumu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza iliipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland kwenye Bahari ya Kaskazini. Ujerumani ikaachia Witu, usultani mdogo karibu na Lamu, ikakubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Waingereza, na mstari wa digrii 1 ukavushwa ziwani hadi mpaka wa Kongo. Ukitaka kujua siku ambayo ardhi ya stesheni ya Kisumu "ilinunuliwa", mimi nitakutajia hiyo. Muuzaji alikuwa Berlin.

Baada ya siku hiyo hakubaki mzungu mwingine wa kushindana na Mwingereza kwenye ufuo huu. Lakini pwani, Sultani alikuwa tayari ameandikwa kwenye mikataba ya mataifa mengi kuwa mwenye mali. Kumfuta kungefungua mjadala upya na Wajerumani na Wafaransa. Ikawa rahisi zaidi kumlipa.

Malipo yenyewe yanahitaji kutazamwa kwa karibu. Barghash aliupangisha ukanda kwa kundi la mfanyabiashara William Mackinnon mwaka 1887, na mwaka uliofuata kundi hilo likapata hati ya kifalme kuwa kampuni ya dola, yenye haki ya kukusanya ushuru wa forodha na kutawala kwa jina la Sultani. Kampuni ikafilisika kabla ya kujenga reli ya maana. Wakati huohuo Wajerumani walikuwa wamelipa marki milioni 4, takriban pauni 200,000, kuununua moja kwa moja upande wao wa pwani, yaani ule wa Dar es Salaam. Fedha hizo zilikuwa mali ya Zanzibar. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilipoamua kuiondoa kampuni kwa fidia ya pauni 250,000, pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka kwenye fungu hilo la Zanzibar. Kisha kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza, akaupanga ukanda kutoka kwa Sultani Hamid bin Thuwain kwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 za kodi na 6,000 za riba ya asilimia 3 juu ya zile pauni 200,000. Yaani Sultani alitoa fedha ya pwani aliyonyang'anywa ili kuikomboa pwani iliyobaki, halafu akaipangisha kwa yuleyule aliyesimamia hesabu. Nimeisoma hesabu hii mara nyingi, na kila mara inaniuma.

Na wenyeji wa pwani? Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Wamazrui wenzake walikuwa vitani na Waingereza mwaka huohuo wa 1895, hadi akakimbilia upande wa Wajerumani Aprili 1896. Mwezi uliofuata ujenzi wa reli ukaanza Mombasa. Kwa hiyo hata pwani, "dola" iliyoheshimiwa ilikuwa jina la Sultani kwenye karatasi. Wamijikenda na Waswahili walioishi juu ya ardhi hiyo hawakuwa upande wowote wa mkataba.

Sasa turudi huku. Mpango wa kwanza haukuwa Kisumu. Upimaji wa Kapteni Macdonald wa 1891 na 1892 ulilenga ufuo wa kaskazini zaidi, karibu na Port Victoria ya leo, Busia. Baadaye wahandisi wakaona wakishuka Mau kwa bonde la Nyando watafupisha njia kwa makumi ya maili, na mwisho wa reli ukahamia kwenye ghuba. Stesheni ikabatizwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa utandazaji reli. Kuuhamisha mwisho wa reli kutoka ufuo mmoja hadi mwingine kulihitaji ramani mpya tu. Hebu fikiria kuuhamisha kutoka Mombasa hadi Tanga, kwa Wajerumani: ingebidi kuitisha mkutano Berlin.

Nguzo ya kisheria ilipatikana Desemba 1899. Wanasheria wa serikali London walishauri kwamba katika himaya isiyo na utawala uliokaa sawa, ardhi ambayo haijamilikiwa na mtawala wa mahali wala mtu binafsi iko mikononi mwa Mfalme kwa sababu tu ya kuwapo himaya. Miaka miwili baadaye dhana hiyo ikawa amri, na mwaka 1902 ikawa Sheria ya Ardhi ya Mfalme, iliyoruhusu kuuza na kukodisha. Kando ya reli bara, maili moja kila upande ilikuwa tayari imetengwa. Mwambao, kinyume chake, ulikuja kupata sheria ya hatimiliki ya 1908, ambapo mtu mwenye madai angeweza kuyasajili. Migogoro ya maskwota Kilifi na Kwale ina mizizi hapo, lakini hilo ni somo refu la peke yake.

Aprili 1902 mpaka wenyewe ukasogezwa. Mpaka hapo Naivasha, Nakuru na Kisumu zilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. London ilitaka reli nzima iwe chini ya serikali moja, na mkoa mzima ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na watu wake ndani yake, bila kuulizwa. Wanandi walioipinga reli walijibiwa kwa misafara ya kijeshi mmoja baada ya mwingine, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi Oktoba 1905, na baada yake wakaondolewa kwenye ardhi iliyokuwa karibu na reli.

Ndiyo maana silikubali jibu la "huku hakukuwa na dola". Mwaka 1904 serikali hiyohiyo iliandikiana mkataba na Wamaasai ili wahame Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, ardhi ya kando ya reli ipewe walowezi. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia. Ole Njogo na wenzake walipokwenda mahakamani 1913, majaji waliwaambia kwamba Wamaasai ni taifa la kigeni lenye mamlaka yake, mkataba wao ni wa dola kwa dola, na mahakama haina uwezo wa kuusikiliza. Mwaka 1899 watu wa bara hawakuwa dola ya kutosha kumiliki ardhi. Mwaka 1913 walikuwa dola ya kutosha kukosa haki ya kushtaki.

Bendera ya Sultani iliendelea kupepea Fort Jesus hadi 1963. Oktoba mwaka huo Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua, na makubaliano yakatiwa sahihi London kuuingiza ukanda ndani ya Kenya huru. Kwa Kisumu hapakuandikwa barua kama hiyo, kwa kuwa hapakuwa na mkataba wa kuufuta. Ardhi ya stesheni ilikuwa ya Mfalme, ikawa ya serikali mpya, na wazee wa Kano wanaofuatilia suala hilo leo hawana hata risiti ya kodi ya kuanzia hoja yao.