Krediti bila sarafu: yanayosemwa vijiweni na yaliyomo ndani ya mashine

Marekani, mtu kuwa na mashine ya sloti, ile ya kasino ya kubahatisha kwa sarafu, nyumbani si jambo la ajabu. Kasino zinapoleta mashine mpya, za zamani huuzwa, na aina kama IGT S2000 huishia kwa watu wanaozipenda kwa milio yake, taa zake na magurudumu yake yanayozunguka kweli. Tatizo hujitokeza mapema: mashine inadai sarafu ya senti 25 au tokeni, na si kila mtu anataka kukaa na ndoo ya sarafu miguuni. Ndipo wapenzi wa elektroniki wakaanza kuunda kifaa kidogo cha kufungwa ndani ya mlango: unabonyeza kitufe, krediti, yaani hesabu ya michezo iliyolipiwa, inaongezeka kana kwamba sarafu imepita. Kazi hii naipenda, na huniuma kuona mashine nzuri ikiharibiwa kwa maneno ya kusikia kama haya yafuatayo.

"Ni kitufe na nyaya mbili tu."

Dhana hii ndiyo inayokwamisha wengi. Mashine za mwanzo kabisa, kama zile alizounda Charles Fey mjini San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa za chuma na springi: sarafu ikiingia, wenzo unaachia. Mashine ya elektroniki haiamini kirahisi hivyo. Sarafu hupita kwanza kwenye kilinganishi, chombo chenye koili, yaani waya uliozungushwa, ambamo mwenye mashine amepachika sarafu moja ya mfano. Sarafu mpya inapopita, koili hulinganisha metali yake na ukubwa wake na ile ya mfano. Zikifanana, njia inafunguka. Zisipofanana, sarafu inatemwa kwenye trei.

Safari haijaisha hapo. Sarafu iliyokubaliwa hudondoka mbele ya vihisi viwili vya mwanga, kimoja juu, kingine chini kidogo. Cha juu huzibwa kwanza, kisha cha chini, halafu cha juu kinafunguka na cha chini kinafuata. Programu ya mashine inasoma mpangilio huo pamoja na muda wake. Sababu ni ya zamani: kuna watu waliokuwa wakifunga sarafu kwa uzi, wanaidondosha, wanaivuta, wanaidondosha tena. Kihisi cha chini kikizibwa kabla ya cha juu, mashine inajua sarafu inapanda badala ya kushuka. Kikizibwa muda mrefu mno, inajua sarafu imekwama. Katika hali zote mbili inajifunga, taa ya juu inawaka, na inabaki hivyo mpaka aje mwenye ufunguo.

Sasa mfikirie mtu aliyeunganisha kitufe kwenye waya mmoja wa kihisi. Kidole cha binadamu hukaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko sarafu inavyokaa mbele ya kihisi. Juu ya hapo, vipande vya chuma ndani ya kitufe hurukaruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, kwa hiyo bonyezo moja hufika kama mabonyezo mengi. Mashine inaona sarafu iliyokwama na inayotetemeka, bila kilinganishi kuwa kimesema lolote. Inajifunga. Mwenyewe analaumu ubao mkuu, anaanza kubadilisha chipu zisizo na kosa.

Kifaa kinachofanya kazi kinaiga safari nzima ya sarafu. Ndiyo maana watu hutumia ubao kama Arduino au chipu ndogo ya PIC, yaani kompyuta ndogo unayoiandikia programu: unapokea bonyezo moja, unapuuza ule mrukoruko, kisha unatoa ishara kwa mpangilio na muda ambao mashine imezoea. Hakuna namba moja inayofaa kila mashine, kwa sababu aina zinatofautiana. Anayefanya kazi vizuri hupima kwanza sarafu halisi ikipita, akiwa na osiloskopu, chombo kinachochora ishara ya umeme kwenye skrini, au kifaa cha kunasa ishara, ndipo anaandika programu yake. Saa moja ya kupima huokoa wiki nzima ya kubahatisha.

"Sarafu ni sarafu, na mashine ni mashine."

Hapana. Mashine za Kijapani, zile zinazoitwa pachislo, hutumia medali za milimita 25. Sarafu ya senti 25 ya Marekani ina milimita 24.26. Kwa macho hutofautishi, lakini njia ya medali na gurudumu la kulipia vimepimwa kwa medali, kwa hiyo sarafu isiyo yake hukwama au hulipwa kwa hesabu ya ovyo. Pachislo nyingi hutunza krediti 50 tu. Zinazozidi hudondoka kwenye trei. Mchoro wa kifaa cha S2000 hauwezi kuhamishiwa huko.

"Ukiwa na kifaa hiki unaweza kuiibia kasino."

Wenye dhana hii wapo wanaoogopa na wapo wanaotamani, na wote wamekosea. Kifaa kinaungwa ndani ya mlango uliofungwa kwa ufunguo, na mashine ya kasino hurekodi kila mlango unapofunguliwa. Zaidi ya hapo, kasino nyingi za Marekani zimeshaacha sarafu na kutumia tiketi za karatasi, kwa hiyo hiyo njia ya sarafu yenyewe haipo. Tommy Carmichael, fundi wa televisheni aliyegeuka mwizi wa sloti, alijulikana kwa kupofusha kwa mwanga kihisi cha kuhesabia sarafu zinazolipwa. Alikamatwa, akapigwa marufuku kasino za Nevada. Mtu anayeongeza krediti kwenye mashine yake, kwake, hamchukulii mtu chochote.

"Krediti za bure hubadilisha bahati."

Mashine haijui kama krediti imetoka kwa sarafu au kwa kitufe. Matokeo huamuliwa na namba nasibu zinazozalishwa na programu. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza ya Marekani kwa mfumo ambao gurudumu unaloliona, lenye vituo 22 kwa mfano, linaongozwa na gurudumu la ndani ya kumbukumbu lenye vituo vingi zaidi. Alama kubwa ikiwa na kituo kimoja kati ya hivyo vingi, itaonekana mara chache, uwe umetoa pesa au hukutoa.

"Bila sarafu, hopa haina kazi."

Hopa ni lile bakuli la ndani linalohesabu na kumwaga sarafu za malipo. Kifaa chako kinaongeza krediti, lakini hakiongezi sarafu hata moja humo. Ukibonyeza kitufe cha kuchukua malipo, mashine itajaribu kulipa sarafu ambazo hazijawahi kuingia, motor itazunguka, hopa itaisha, na mashine itajifunga tena. Acha krediti zikae kwenye skrini, au kama mashine yako inaruhusu, ipangie malipo yafanywe kwa mkono na kufutwa kwa ufunguo.

"Nyumbani kwangu, sheria hainihusu."

Sheria ya Marekani ya mwaka 1951, iitwayo Johnson Act, inagusa usafirishaji wa mashine hizi kati ya majimbo, na kila jimbo lina lake kuhusu kuzimiliki. California huwalinda wenye mashine za kale zilizotimiza miaka 25 na zisizotumika kwa kamari. Kwa Tanzania, mashine za kubahatisha ziko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na Bodi yake. Anayefikiria kuagiza moja aanze kwa kuuliza huko kabla ya kulipia meli.

Na ikifika, asiichomeke ukutani. Nyingi za Marekani ni za volti 120, za Japani 100, na umeme wetu ni 230. Mashine za skrini ya kioo cha zamani hubaki na volti za kuua hata baada ya kuchomolewa. Ishara za vihisi nazo si lazima ziwe volti 5 kama za Arduino, kwa hiyo mafundi makini huweka optokapla katikati, sehemu inayopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya za pande mbili kugusana.

"Krediti zikionekana, kazi imeisha."

Andika namba iliyo kwenye kaunta ya sarafu zilizoingia, kisha bonyeza kitufe mara mia, kwa mwendo wa polepole na wa haraka. Kaunta ikiongezeka 99 au 101, rudi kwenye programu.