Je, wajua? Mchungaji alishinda kesi dhidi ya wanaharakati wa Uganda, halafu yeye mshindi ndo akakata rufaa

Kuna kesi moja nimeisimulia vibaya kwa miaka, tena kwa kujiamini kabisa. Ni ile ya mchungaji Scott Lively wa Springfield, Massachusetts kule Marekani, aliyeburuzwa kortini na wanaharakati wa haki za mashoga kutoka Uganda. Nilikuwa nasema jamaa alishinda kwa sababu Marekani kuna uhuru wa kusema, kahubiri anachokiamini, jaji kaona ni haki yake, mchezo umeisha. Hapana bana. Nilipokuja kuisoma hukumu yenyewe nikakuta jaji kamchana mchungaji vibaya mno kisha kampa ushindi, na mchungaji hakuondoka akishangilia, alikwenda rufaa kulalamikia hukumu aliyoshinda.

Historia yenyewe kwa kifupi. Machi 2009 Lively alikwenda Kampala kuzungumza kwenye semina ya siku tatu kuhusu ushoga. Oktoba mwaka huohuo mbunge David Bahati akapeleka bungeni muswada ambao kwa baadhi ya makosa ulitaka adhabu ya kifo. Hapa tuwe waangalifu kidogo, maana watu hupenda kuunganisha hayo mawili kama swichi na taa: sheria za kuharamisha mapenzi ya jinsia moja Uganda zilikuwepo tangu enzi za mkoloni, na Lively mwenyewe alisema hadharani kwamba muswada ule umepitiliza. Semina ilikuja kabla ya muswada, sawa, ila kuja kabla ni kitu kimoja na kusababisha ni kitu kingine, na kesi haikuwahi kufika hatua ya mashahidi kupanda kizimbani kulithibitisha hilo.

Machi 2012 shirika la Sexual Minorities Uganda, wengi wanaliita SMUG, likafungua kesi hukohuko Springfield, nyumbani kwa mchungaji, likidai ameshiriki njama ya kuwatesa na kuwanyima haki watu wa kundi fulani, jambo ambalo kwa sheria za kimataifa linaweza kuwa uhalifu dhidi ya binadamu. Walitumia sheria ya Marekani ya mwaka 1789, ndiyo, 1789, inayomruhusu mgeni kudai fidia kwenye mahakama za shirikisho pale sheria ya mataifa inapovunjwa. Kwa hiyo ilikuwa kesi ya madai, siyo ya jinai, hakuna aliyekuwa anaenda jela hata kama angeshindwa.

Sasa turudi kwenye kosa langu. Ule utetezi wa uhuru wa kusema mawakili wa Lively waliutoa mapema sana, na Agosti 2013 jaji Michael Ponsor akakataa kuifuta kesi. Hoja yake ilikuwa kwamba wanaharakati hawalalamikii mahubiri matupu, wanadai mtu huyu alisaidia kupanga na kutekeleza mateso, na hilo likithibitishwa halifunikwi na uhuru wa kuongea. Kwa maneno mengine ile sababu niliyokuwa naitangaza mimi ndo iliyoshindwa kuiua kesi! Na mwaka 2017 kesi ilipokuja kufa, haikufa kwa hiyo.

Ilikufa kwa sababu ya mahali. Aprili 2013 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilikuwa imeamua kesi nyingine, ya Wanigeria dhidi ya kampuni ya mafuta ya Royal Dutch Petroleum, ikasema ile sheria ya 1789 haifuati matukio ya nchi nyingine isipokuwa jambo lenyewe liwe limeigusa Marekani kwa uzito wa kutosha. Chukua mfano wa refa. Refa anachezesha mechi uwanja huu, mtu anamletea video ya mchezaji huyuhuyu akicheza rafu mbaya jana kwenye uwanja mwingine. Refa anaangalia anasema hii ni rafu, sina ubishi, ila filimbi yangu inaishia kwenye mistari ya uwanja huu. Atakachouliza ni kimoja tu, hapa uwanjani kwangu umefanya nini? Na jibu kwa Lively lilikuwa barua pepe za hapa na pale alizotuma akiwa nyumbani. Mengine yote yalifanyikia Uganda. Mwanzoni jaji aliona kuishi kwake Marekani na madai kwamba mipango aliiendesha akiwa huko kunatosha kesi iendelee, lakini ushahidi ulipokusanywa ukawa mwembamba.

Juni 5, 2017 Ponsor akaitupilia mbali kesi kwa kukosa mamlaka, ila akaandika wazi kwamba msomaji asikosee, swali siyo kama vitendo vya Lively vya kusaidia kuwatisha na kuwadhuru mashoga wa Uganda vinavunja sheria ya kimataifa. Vinavunja, alisema. Swali ni kama yaliyofanyika kwenye ardhi ya Marekani yanatosha kuipa mahakama mamlaka, na hayatoshi. Akaongeza na maneno makali kuhusu chuki ya mchungaji, na huo ndo mfupa uliomkwama Lively kooni.

Basi akakata rufaa, pamoja na mambo mengine akitaka yale maneno yafutwe. Hapo ni kama mwanafunzi aliyefaulu, anakwenda kwa mwalimu mkuu na ripoti yake, halalamikii alama, analalamikia yale maoni ya mwalimu wa darasa pale chini, "mtukutu". Mwalimu mkuu anamwambia kazi yangu ni kuangalia kama alama zimekosewa, na wewe umefaulu, sasa nikurekebishie nini? Agosti 2018 mahakama ya rufaa ya Boston ikamjibu hivyohivyo: tunapitia matokeo ya hukumu, hatuhariri lugha ya jaji, na mshindi hana cha kukatia rufaa hapo.

Ila hata wanaharakati waliosema "mahakama imemkuta na hatia" nao walivuta kamba, maana maneno ya jaji aliyesema hana mamlaka hayamfungi mtu. Yamebaki tu humo kwenye hukumu mpaka leo, na juu yake Lively ameandikwa kama upande ulioshinda.