Kazi isiyokupa usemi huumiza hadi moyo

Dhana: Presha ya kazi ni ugonjwa wa mabosi.

Mkurugenzi ana majukumu mazito na simu zake hazinyamazi, kwa hiyo watu hudhani ndiye atakayeanguka. Mwaka 1967 watafiti walianza kufuatilia afya ya wanaume wapatao 18,000, watumishi wa serikali ya Uingereza katika ofisi za Whitehall, London. Vifo vya ugonjwa wa moyo kwa watu wa ngazi ya chini kabisa, yaani matarishi na mabawabu, vilizidi mara tatu vile vya wakuu wa juu. Sigara, lehemu (kolesteroli) na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo.

Utafiti wa pili, ulioanza 1985 chini ya mtafiti wa afya Michael Marmot, uliwahusisha wanawake pia. Humo watumishi waliulizwa, pamoja na mengine, wana usemi gani katika namna wanavyofanya kazi yao. Wasio na usemi ndio waliougua moyo zaidi. Hili waajiri wetu hawalitilii maanani hata kidogo. Mtu anayepangiwa kila kitu, akarudia tendo lile lile kutwa bila kujua linaishia wapi, mwili wake hukaa chonjo saa zote: presha hupanda, usingizi humruka.

Dhana: Mshahara ukiwa mzuri, mengine yanavumilika.

Whitehall hapakuwa na mafukara, na matibabu ya umma walikuwa nayo wote. Bado afya ilizidi kudhoofu kadiri cheo kilivyoshuka, ngazi kwa ngazi.

Dhana: Aliyechoshwa na kazi ni mvivu.

Kauli hii inaumiza watu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu huu hutokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kushuka. Halikuuita ugonjwa, bali jambo litokanalo na ajira. Basi mchapakazi wa jana ambaye leo anaitazama saa tu, kwanza ichunguzwe kazi aliyopewa.

Dhana: Likizo itamponya.

Inasaidia, ila nafuu yake hufifia wiki chache baada ya kurudi pale pale. Kinachodumu ni kuibadili kazi yenyewe: wafanyakazi washirikishwe kupanga zamu, wabadilishane majukumu, na anayetoa malalamiko asijikute kwenye orodha ya wanaopunguzwa.